Waliswali Humo Mwaka Mzima: Kisa cha Park51, New York

Kiwanja cha Park51, kituo cha Kiislamu kilichozua mgogoro mkubwa Marekani mwaka 2010, kiko Park Place, namba 45 hadi 51, kusini mwa Manhattan, mitaa miwili kaskazini mwa mahali palipokuwa na minara ya World Trade Center. Kwa miguu ni kama mita mia mbili. Mtu aliyesimama mlangoni mwa jengo hilo mwaka 2010 hakuweza kuliona eneo la maafa, maana majengo mengine yalikuwa yamekaa katikati. Namba 45 lilikuwa jengo la miaka ya 1850, la ghorofa tano, na kwa muda mrefu lilikuwa duka la Burlington Coat Factory, ambako watu wa kipato cha kawaida walikwenda kununua makoti ya baridi. Asubuhi ya tarehe 11 Septemba 2001, ndege ya pili ilipopiga mnara wa kusini, sehemu ya magurudumu yake ilirushwa mpaka hapo ikatoboa paa. Duka likafungwa na halikufunguliwa tena. Kwa miaka minane jengo likabaki na vumbi lake, katika mtaa ambao thamani ya ardhi haishuki hivi hivi.

Julai 2009 kampuni ya Soho Properties, inayoongozwa na Sharif El-Gamal, mzaliwa wa New York na mfanyabiashara wa majengo, ilinunua namba 45 kwa dola zipatazo milioni 4.85. Mwaka huohuo Waislamu wanaofanya kazi maeneo ya jirani wakaanza kuswali humo, na siku za Ijumaa walifika mamia. Walitandika mikeka pale palipokuwa na rafu za makoti. Hakuna aliyeandamana.

Naomba msomaji ashike hilo la mwisho, kwa sababu karibu kila simulizi ya kisa hiki inalipita. Mgogoro wa Park51 umeingia katika kumbukumbu za watu kama ugomvi wa ukaribu: Waislamu walitaka kujenga karibu mno na makaburi ya wenzao. Ukifuata tarehe moja baada ya nyingine, unakuta swala ilikuwapo, ukaribu ulikuwapo, na makelele hayakuwapo. Yalianza baadaye, na yalianzia kwingine.

Kwa nini pale?

Waliokuwa nyuma ya wazo ni imamu Feisal Abdul Rauf na mkewe Daisy Khan. Imamu alizaliwa Kuwait mwaka 1948 kwa wazazi Wamisri, na tangu 1983 alikuwa akiongoza swala katika Masjid al-Farah, msikiti mdogo wa Tribeca, mitaa kama kumi na miwili kutoka World Trade Center. Haukuwa msikiti pekee wa eneo hilo. Masjid Manhattan ulianzishwa mwaka 1970, wakati minara ile bado inajengwa, ukiwa mitaa minne tu kutoka hapo. Mwaka 2008 ulipoteza pango lake Warren Street na waumini wakahamia chumba cha chini ya ardhi mtaa huohuo. Ndani ya mnara wa kusini wenyewe, ghorofa ya 17, kulikuwa na chumba cha kuswalia kilichotumiwa na wafanyakazi Waislamu mpaka siku unaanguka.

Kwa hiyo jibu la "kwa nini pale" lilikuwa jepesi: kwa sababu watu walikuwa pale. Makarani, wapishi, madereva, wanasheria na wachuuzi wa vyakula vya barabarani wa kusini mwa Manhattan walihitaji mahali pa kuswali Ijumaa wawahi kurudi kazini, na misikiti miwili midogo ilikuwa imejaa hadi watu wanasimama nje.

Lakini mpango haukuishia kwenye chumba cha kuswalia. Imamu Feisal alitaka kitu kikubwa, na hapa ndipo kisa kinapoanza kuwa kigumu. Kituo, kilichoitwa kwanza Cordoba House, kingekuwa na ghorofa 13 kwa gharama ya dola milioni 100 hivi: ukumbi wa maonyesho wa viti 500, bwawa la kuogelea, uwanja wa mpira wa kikapu, maktaba, mgahawa na shule ya mapishi, malezi ya watoto, mahali pa kuwakumbuka waliokufa tarehe 11 Septemba, na humo humo eneo la swala. Mfano waliouiga haukutoka Makka wala Istanbul. Waliutoa mtaani kwao, kwenye vituo vya Wayahudi vya Manhattan kama 92nd Street Y, ambako watu wa kila dini huingia kuogelea na kusikiliza mihadhara. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hili halishangazi sana; jumuiya zetu za Kiislamu, hasa za Waismailia, zimezoea kuweka shule, zahanati na viwanja vya michezo karibu na nyumba ya ibada. Mmarekani wa kawaida anayetazama habari za jioni hakuwa na picha hiyo. Alichosikia ni "msikiti".

Mtaa ulikubali

Desemba 2009 gazeti la New York Times liliweka habari ya mpango huu ukurasa wa kwanza. Hapakutokea kitu. Siku chache kabla ya Krismasi Daisy Khan alihojiwa katika televisheni ya Fox na mtangazaji Laura Ingraham, mhafidhina asiyemung'unya maneno, naye alisema hajaona watu wengi wenye tatizo na jambo hilo, na kwamba anapenda wanachojaribu kufanya. Ningekuwa nafundisha kisa hiki darasani, ningeanza na mahojiano hayo, kabla ya hotuba ya rais yeyote. Mradi uleule, anwani ileile, kituo kilekile cha televisheni, na miezi minane baadaye ikawa vita.

Kisheria wenye mradi hawakuhitaji ruhusa ya jirani yeyote. Mipango miji ya eneo hilo iliruhusu matumizi ya aina hiyo. Katiba inalinda uhuru wa dini. Na tangu mwaka 2000 kuna sheria ya shirikisho inayozuia serikali za mitaa kutumia kanuni za ardhi kunyima watu nyumba za ibada. Walikwenda mbele ya baraza la mtaa, Community Board 1, kwa hiari yao, kupiga hodi tu. Kamati ya baraza inayohusika na eneo la Financial District iliwaunga mkono mwanzoni mwa Mei 2010. Tarehe 25 Mei baraza zima likakutana, ukumbi ukafurika, watu wakazomeana kwa saa kadhaa, wengine wameshika picha za ndugu zao waliokufa. Kura zikawa 29 za ndiyo, moja ya hapana, na wajumbe kumi hawakupiga upande wowote.

Ndiyo hiyo ilitoka kwa watu waliovuta moshi wa minara ile kwa miezi. Wao ndio waliofagia majivu kwenye madirisha yao. Kura ya maoni ya chuo cha Quinnipiac iliyotoka tarehe 1 Julai ilionyesha jambo lilelile kwa njia nyingine: jiji zima lilipinga mradi kwa asilimia 52 dhidi ya 31, lakini wakazi wa Manhattan waliuunga mkono kwa 46 dhidi ya 36. Agosti, utafiti wa CNN wa nchi nzima ukakuta asilimia 68 wanapinga. Kadiri mtu alivyoishi mbali na Park Place, ndivyo Park Place ilivyomuuma zaidi. Hoja yoyote ya "unyeti wa mahali" inapaswa kujibu swali hilo kwanza, na sijawahi kusikia ikijibiwa vizuri.

Kura ya baraza ndiyo iliyowapa wapinzani pa kuanzia. Mwanablogu Pamela Geller na kundi lake la Stop Islamization of America waliitisha maandamano tarehe 6 Juni. Jina "msikiti wa Ground Zero" likashika, ingawa haukuwa kwenye Ground Zero, yaani mahali minara ilipoangukia, na haukuwa msikiti tu. Shirika la habari la Associated Press liliwaagiza waandishi wake waache kulitumia tarehe 19 Agosti, wakati huo limekwisha kuzoeleka kila mahali, mpaka kwenye magazeti ya watu waliokuwa wakiutetea mradi.

Miezi mitatu ya moto

Wapinzani walijaribu kwanza mlango wa urithi. Kama jengo la namba 45 lingetangazwa kuwa jengo la kihistoria, lisingebomolewa, na kituo kisingejengwa. Hoja yao ilikuwa na mvuto wake: paa lililotobolewa na magurudumu ya ndege ni sehemu ya uwanja wa vita, kwa hiyo lihifadhiwe. Tume ya kuhifadhi majengo ya kihistoria ilikaa tarehe 3 Agosti na wajumbe wote tisa wakakataa. Wao walipima thamani ya usanifu, na jengo halikufikia kiwango. (Hoja yenyewe haikuwa ya kuchekwa. Aprili 2013 wapima ardhi walikuta kipande cha ndege kimekwama katika uchochoro mwembamba nyuma ya jengo hilo, miaka kumi na miwili karibu baada ya tukio.)

Siku hiyohiyo meya Michael Bloomberg, Myahudi, alikwenda Governors Island, sanamu ya Uhuru ikionekana nyuma yake, akatoa hotuba ambayo kwa maoni yangu ndiyo bora kuliko zote zilizotolewa na mwanasiasa kuhusu jambo hili. Hakusema mengi juu ya uvumilivu. Alisimulia historia ya mtaa: Wayahudi wa karne ya 17 waliomba kujenga sinagogi kusini mwa Manhattan wakakataliwa na gavana wa Kidachi Peter Stuyvesant, mwaka 1657 wakazi wa Flushing waliandika waraka kuwatetea Wakweka, madhehebu ya Kikristo yaliyoteswa wakati huo, na baadhi yao wakafungwa, Wakatoliki walizuiwa kuabudu hadharani karibu karne nzima, na parokia yao ya kwanza, St. Peter's ya Barclay Street, ilianzishwa miaka ya 1780 tu. Kanisa hilo, alikumbusha, bado lipo, mtaa mmoja kaskazini mwa World Trade Center na mtaa mmoja kusini mwa kituo kinachopingwa. Kisha akataja wazima moto walioingia kwenye minara inayowaka bila kumuuliza mtu anamwomba Mungu yupi.

Baada ya hapo jambo likawatoka watu wa New York likaingia kwenye kampeni za uchaguzi wa Novemba. Nitapita haraka, kwa kuwa mengi yalikuwa kelele. Newt Gingrich, mwanasiasa wa chama cha Republican na spika wa zamani wa Bunge, alisema hapana msikiti karibu na Ground Zero mpaka Saudi Arabia iruhusu makanisa, kana kwamba karani wa Manhattan ndiye mfalme wa Riyadh. Baadaye akalinganisha kituo na Wanazi kuweka bango lao kando ya jumba la makumbusho la mauaji ya Wayahudi. Gavana wa New York, David Paterson, alijitolea kusaidia kupata ardhi ya serikali mahali pengine. Rais Obama, akifuturisha Waislamu Ikulu tarehe 13 Agosti, alitetea haki yao ya kujenga. Kesho yake huko Florida akaeleza kuwa alizungumzia haki tu, wala hatasema lolote kuhusu busara ya kujenga pale. Kiongozi wa chama chake katika Seneti, Harry Reid, naye akasema kijengwe kwingine. Tarehe 24 Agosti dereva wa teksi mzaliwa wa Bangladesh alichomwa kisu Manhattan na abiria aliyemuuliza kwanza kama yeye ni Mwislamu. Mchungaji mmoja wa Gainesville, Florida, Terry Jones, mwenye waumini wachache kabisa, akatangaza kuchoma Qur'ani tarehe 11 Septemba, akaahirisha akidai ameahidiwa msikiti utahamishwa, imamu akakanusha. Machi 2011 Qur'ani ikachomwa kweli kanisani kwake, na tarehe 1 Aprili umati ukavamia ofisi za Umoja wa Mataifa Mazar-i-Sharif, Afghanistan, ukaua wafanyakazi saba. Saba hao hawakuwa na habari na Park Place.

"Haki mnayo, busara hamna"

Wapinzani wenye heshima zao, si wale wa mabango ya matusi, walisimama juu ya sentensi hiyo. Iliyowapa nguvu ni taarifa ya Anti-Defamation League ya mwishoni mwa Julai. Shirika hili la Wayahudi limepigana na ubaguzi tangu 1913, na lilisema wazi kuwa Waislamu wana haki ya kujenga na kwamba chuki inayomwagwa ni ya aibu, lakini familia za wafiwa zinaumia, kwa hiyo kituo kihamishwe. Mwandishi Fareed Zakaria aliwarudishia tuzo waliyompa mwaka 2005 pamoja na dola 10,000 zake.

Hoja hii inastahili kupimwa kwa utulivu, maana msiba una staha yake na kila aliyewahi kukaa matanga anaijua. Hupigi muziki nyumba ya pili kabla arobaini haijaisha, hata kama sheria inakuruhusu. Watu waliosema "mngejisogeza kidogo" hawakuwa wote wabaguzi, na walioumia waliumia kweli. Debra Burlingame, dada wa rubani wa ndege iliyopigizwa Pentagon, makao makuu ya jeshi la Marekani, hakuwa mtu wa kuigiza.

Tatizo linaanza pale unapouliza: wajisogeze mpaka wapi? Mitaa minne? Masjid Manhattan ulikuwa hapo. Mitaa kumi na miwili? Imamu huyuhuyu aliswalisha hapo miaka ishirini na zaidi. Ni wachache mno miongoni mwa wapinzani wenye sauti waliotaja kipimo, na hakuna aliyedai misikiti iliyopo ifungwe. Pentagon wenyewe, ambako watu 184 waliuawa siku ileile, wanajeshi Waislamu huswali katika kanisa dogo la kumbukumbu lililojengwa pale pale ndege ilipoingilia. Hilo lilifanyika bila makelele. Na kwenye Park Place, wakati taifa linabishana kama Waislamu waruhusiwe kuswali karibu na Ground Zero, walikuwa wakiswali kila siku ndani ya jengo linalobishaniwa, na hakuna mwanasiasa aliyetaka watolewe.

Kwa hiyo kilichokataliwa hakikuwa swala, wala umbali. Ni kuonekana. Waislamu kwenye chumba cha chini Warren Street, sawa. Waislamu kwenye duka bovu la makoti, sawa. Waislamu wenye ghorofa 13, msanifu majengo, bwawa la kuogelea na ukumbi wa kukaribisha wengine, hapo ndipo watu waliona ushindi unasimikwa. Jina Cordoba lilipelekwa kulekule: waasisi walikusudia mji wa Andalusia, Hispania ya zama za Waislamu, ambako Waislamu, Wayahudi na Wakristo waliandika na kutafsiri pamoja, Gingrich akasema ni jina la utekaji. Waliposhtuka wakabadilisha, kikawa Park51, namba ya nyumba tu. Haikusaidia.

Na "familia za wafiwa" ni akina nani? Waliokufa New York ni 2,753, na miongoni mwao walikuwamo Waislamu wengi: wahudumu wa mkahawa wa ghorofa za juu, wahasibu, watu wa benki. Mmoja ni Mohammad Salman Hamdani, kijana wa miaka 23 mzaliwa wa Pakistan, mwanafunzi wa upolisi na mtaalamu wa huduma ya kwanza aliyekimbilia minarani kuokoa watu. Kwa miezi, kabla mwili wake haujatambuliwa, alishukiwa kuwa mmoja wa wahalifu. Mama yake, Talat Hamdani, aliutetea mradi hadharani, na kundi la wafiwa la September Eleventh Families for Peaceful Tomorrows likautetea pia. Aliyesema "wafiwa hawataki" alikuwa amekwisha kuchagua wafiwa wake.

Kuna ulinganisho mmoja wa wapinzani ambao una uzito: watawa wa Kikarmeli walioingia mwaka 1984 katika jengo lililopakana na ukuta wa Auschwitz, ambamo Wanazi walihifadhi gesi ya kuulia watu. Wayahudi walilalamika, na mwaka 1993 Papa Yohane Paulo wa Pili akawaagiza wahame. Watawa hawakuwa wauaji, mbona waliondoka? Ila angalia tofauti. Pale lawama ilikuwa kwamba alama za Kikristo zinameza kumbukumbu ya wahanga ambao kwa sehemu kubwa kabisa walikuwa Wayahudi, na juu ya ukuta wenyewe wa kambi. Watawa wangeweza kusali popote. Hakuna aliyewaambia kwamba sala yao inafanana na uhalifu. Waislamu wa Manhattan waliambiwa hivyo, kwa lugha laini au kali, na bado walitakiwa Jumatatu wafike kazini mtaa uleule.

Al-Qaeda haikuanzia New York, na sisi tunajua. Tarehe 7 Agosti 1998 ilipolipua balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, ilikufa roho 224. Pale kona ya Moi Avenue na Haile Selassie leo kuna bustani ya kumbukumbu, na kutoka hapo mpaka Msikiti wa Jamia ni mwendo wa robo saa kwa miguu, katikati ya jiji hilohilo. Chuki na msako wa watu wa pwani na Wasomali tuliviona, sitaki kupaka rangi. Lakini Jamia ulikuwapo tangu miaka ya 1930 na macho ya Nairobi yalikuwa yameuzoea, ukiwa na kuba zake na minara yake. Uzoefu wa macho, nadhani, ndio Manhattan iliukosa: misikiti yake ilikuwa ya kale kuliko maafa, ila imefichwa.

Walichokosea wenye mradi

Kumtetea mtu aliyedhulumiwa hakukulazimishi kusema alifanya kila kitu vizuri. Park51 ulikufa, na sheria haikuuua: kesi ya kupinga uamuzi wa tume, iliyofunguliwa kwa jina la mzima moto aliyenusurika, ilitupwa Julai 2011. Ulikufa kwa sababu ndani mlikuwa hakuna kitu.

Walitangaza jengo la dola milioni 100 wakati hesabu za taasisi ya imamu, Cordoba Initiative, zilionyesha mali isiyofika dola 20,000. Nusu ya kiwanja, namba 49 hadi 51, haikuwa yao: ilikuwa ya kampuni ya umeme ya Con Edison, wao wapangaji tu, na baadaye ulizuka mgogoro wa kodi ya pango ukafika mahakamani. Swali "fedha zitatoka wapi?" lilikuwa halali kwa mradi wowote, na kwa kuwa hawakuwa na jibu, wapinzani wakalijibu wenyewe: Iran, Saudia, Hamas. Novemba 2010 wakaongeza petroli kwenye moto kwa kuomba ruzuku ya takriban dola milioni 5 kutoka mfuko wa umma wa kufufua kusini mwa Manhattan baada ya 11 Septemba. Kuomba hakukuwa kosa kisheria. Lakini ni mwanasiasa gani angethubutu kuwatetea siku hiyo?

Msemaji hawakuwa naye. Agosti, mwezi wa moto mkali, imamu Feisal alikuwa Bahrain, Qatar na Falme za Kiarabu kwa ziara iliyolipiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, akieleza jinsi Waislamu wanavyoishi vizuri Marekani. Huku nyumbani wapinzani walikuwa wakirusha mahojiano yake ya CBS ya Septemba 2001, aliposema sera za Marekani zilichangia uhalifu ule. Hapakuwa na mtu wa kusimama na kusema kwamba mtu huyuhuyu alihutubia ibada ya kumkumbuka Daniel Pearl, mwandishi Myahudi aliyeuawa na wenye msimamo mkali Pakistan, ndani ya sinagogi mwaka 2003, wala kwamba serikali ya Bush ilimtuma nje kabla ya Obama. Aliporudi, Septemba, aliiambia CNN kwamba angejua yatatokea haya asingefanya, ila kuhama sasa kungewapa nguvu wenye msimamo mkali ng'ambo na kuhatarisha usalama wa taifa. Nadhani alisema kweli kama alivyoiona. Kwa msikilizaji wa Ohio ilisikika kama kitisho.

Kisha wakagombana. El-Gamal alikuwa mfanyabiashara aliyetaka kituo cha mtaa kinachojiendesha. Imamu alikuwa na ndoto ya harakati ya dunia nzima. Januari 2011 El-Gamal akampunguzia imamu nafasi, akamleta mwingine ambaye hakudumu hata miezi miwili. Septemba 2011 Park51 ikafungua ukumbi mdogo kwa maonyesho ya picha za watoto wa New York waliotoka nchi 160 hivi. Watu walikuja, wakaangalia, wakaondoka. El-Gamal aliwaambia waandishi wakati huo kwamba kosa lao kubwa lilikuwa kutowashirikisha wafiwa tangu mwanzo. Ni la kweli kwa kiasi. Ila wafiwa walikuwa wamegawanyika, na mkutano mzuri kuliko yote usingemfanya Gingrich asigombee urais.

Kiwanja, na msikiti mwingine

Baada ya uchaguzi wa Novemba 2010 kamera ziliondoka Park Place karibu mara moja. Mwaka 2014 El-Gamal alitangaza jumba la makumbusho la Kiislamu la ghorofa tatu lililochorwa na Jean Nouvel, kisha mpango mkubwa ukawa wa nyumba za kuishi za matajiri. Duka la makoti likabomolewa na mahali pake ukapanda mnara wa ghorofa 43, mara tatu ya kile kituo kilichodaiwa kuwa kirefu mno kwa staha ya mahali. Mwenye mradi ni yuleyule, na sehemu kubwa ya mkopo ilipangwa kwa utaratibu wa Kishariah na benki za Malaysia na Kuwait. Wenye mabango hawakutokea. Septemba 2021 mkurugenzi wa Anti-Defamation League, Jonathan Greenblatt, aliomba radhi kwa taarifa ya 2010 na kukiri kwamba shirika lilikosea.

Kiangazi kilekile cha 2010, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Manhattan, Waislamu wa Murfreesboro, Tennessee, familia kama 250 zilizokuwa zikibanana katika ofisi ndogo, walipata kibali cha kujenga kituo chenye msikiti na ukumbi wa michezo. Hakuna ndege iliyowahi kuanguka Murfreesboro siku ile. Maandamano yakawapo vilevile, mitambo ya ujenzi ikachomwa moto tarehe 28 Agosti, na wapinzani wakafungua kesi wakidai Uislamu si dini, mpaka Wizara ya Sheria ikalazimika kupeleka mahakamani maelezo kwamba ni dini. Jaji wa wilaya akabatilisha kibali, jaji wa shirikisho akaamuru jengo likaguliwe na lifunguliwe, na Agosti 2012 waumini wakaingia. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza rufaa. Wao walikuwa na ardhi yao, michango ya waumini wao, na kamati iliyobaki mjini muda wote.